Shajara ya mradi: kulisha maua ya ndani kwa gramu, si kwa kukisia

Januari, mwishoni. Lengo, vyungu na msimamo wetu

Mradi huu una kazi moja: kupata ratiba ya mbolea ambayo mtu asiyewahi kulisha ua la ndani anaweza kuifuata bila kuua kitu, akiwa na pakiti moja ya mbolea, mizani ndogo ya jikoni na dumu la maji. Vyungu vipo kwenye fleti Dar es Salaam. Vingine viko dirisha la mashariki, vingine sebuleni ndani zaidi ambako mwanga ni hafifu. Tumechukua mimea inayouzwa sana kwenye vitalu vya barabarani: mani planti, sansevieria, zamia (Zamioculcas zamiifolia, ile yenye majani manene yanayong'aa), klorofitamu ya mistari myeupe, kalathea, mshubiri na saintpaulia.

Kabla ya kununua chochote, jambo lenyewe liwe wazi. Maua ya ndani hufa kwa kuzidishiwa mbolea mara nyingi kuliko kwa kuikosa, na sababu iko kwenye chungu. Shambani mvua ikinyesha, mbolea iliyozidi huteremka chini ya mizizi. Chunguni haina pa kwenda. Mbolea ya dukani ikishayeyuka, kwa sehemu kubwa ni chumvi, kwa maana ya kikemia, na kila ukimwagilia maji hupotea hewani na kupitia majani, lakini chumvi hubaki. Mzizi hunyonya maji kwa sababu ndani yake mna chumvi na sukari nyingi kuliko maji ya udongoni. Udongo ukiwa na chumvi nyingi kuliko mzizi, unyonyaji hukwama, na hali ikiwa mbaya zaidi maji hutoka mzizini kurudi udongoni. Ndiyo maana ua lililozidishiwa mbolea hunyauka huku udongo umelowa, na mwenyewe akiona limenyauka huongeza maji, pengine na mbolea kidogo "ya kulipa nguvu".

La pili: mbolea si chakula cha mmea. Chakula mmea hujitengenezea kwa mwanga, maji na hewa. Mbolea ni madini ya kuifanya kazi hiyo iende. Mwanakemia Mjerumani Carl Sprengel alieleza mwaka 1828, na baadaye Justus von Liebig akalieneza wazo hilo, kwamba kinachoweka kikomo cha ukuaji ni kile kilicho pungufu kuliko vyote. Ndani ya nyumba kilicho pungufu karibu kila mara ni mwanga. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza haikuhusu mbolea kabisa. Mani planti iliyokuwa sebuleni kwenye kona ilisogezwa hadi mita moja kutoka dirishani. Ua lililo gizani halilishwi. Husogezwa kwanza, na mbolea husubiri litoe jani jipya.

Februari, wiki ya kwanza. Kuchagua mbolea na kusoma lebo

Namba tatu kwenye pakiti ni asilimia kwa uzito: ya kwanza naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Fosforasi huandikwa kwa umbo la P2O5 na potasiamu kwa umbo la K2O, kwa hiyo kiasi halisi cha madini hayo ni pungufu ya namba inayosomeka: zidisha ya pili kwa 0.44 na ya tatu kwa 0.83. Kwa anayeanza hesabu hiyo si ya lazima. Ya lazima ni ya naitrojeni, kwa kuwa ndiyo tunayopimia dozi yote.

Tumechagua mbolea ya unga inayoyeyuka kabisa kwenye maji, ya 20-20-20. Ya 19-19-19 inafaa vilevile, bila kubadilisha dozi. Kwa maua ya majani uwiano bora ungekuwa na fosforasi kidogo, kama 3-1-2, kwa sababu maua haya hutumia fosforasi chache sana. Ila 20-20-20 ndiyo inayopatikana kirahisi kwenye maduka ya pembejeo, na kwa dozi ndogo haina madhara. Hakikisha lebo ina vitu viwili: orodha ya madini madogo (chuma, manganizi, zinki, boroni, shaba, molibdeni) na mgawanyo wa naitrojeni. Kwenye nyingi za 20-20-20 karibu nusu ya naitrojeni ni urea. Hiyo si kasoro, lakini urea haitumiki vizuri mpaka bakteria wa udongoni waigeuze, na kwenye mchanganyiko wa makumbi matupu bakteria hao ni wachache. Ukikuta mbolea mbili za bei moja, chukua yenye naitreti nyingi, yaani naitrojeni ambayo mzizi huinyonya moja kwa moja.

Nchini Tanzania mbolea inayouzwa husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Nunua iliyofungwa kiwandani, yenye lebo inayosomeka. Unga uliopimwa kwenye mfuko mweupe usio na maandishi huwezi kuutumia kwa gramu hata kidogo, kwa sababu hujui gramu za nini.

Maswali ya wanaoanza huangukia hapa: urea ipo nyumbani, kwa nini nisitumie? Tufanye hesabu. Urea ina naitrojeni 46%. Kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima kina gramu 4 hivi, yaani naitrojeni gramu 1.8. Dozi yetu ya kawaida, kama itakavyoelezwa, ni miligramu 100 za naitrojeni kwa lita, na chungu cha kipenyo cha sentimita 15 hupokea mililita 300 hivi kwa mlo mmoja, sawa na miligramu 30. Kijiko kile kimoja cha urea ni milo 60. Kwa kulisha kila baada ya wiki mbili, ni mbolea ya zaidi ya miaka miwili imemwagwa siku moja. Hakuna mzizi utakaostahimili hilo. DAP, mbolea ya kupandia, ina ubaya mwingine: punje inapoyeyuka karibu na mzizi hutoa amonia, na mizizi michanga huungua. CAN, mbolea ya kukuzia, na NPK 17-17-17 za punje ni za shambani. Punje hazikutengenezwa ziyeyuke zote, na mahali punje ilipokaa chumvi hurundikana huku upande wa pili wa chungu haupati kitu.

Mbolea za majani, ambazo wakulima huziita busta, mara nyingi ni unga uleule wa kuyeyuka. Tatizo lake ni lebo, kwa kuwa dozi huandikwa kwa bomba la kubeba mgongoni. Likiandikwa gramu 50 kwa bomba la lita 20, gawanya: ni gramu 2.5 kwa lita, dozi ya mazao yaliyo juani mchana kutwa. Kwa ua la ndani chukua sehemu ya tano ya hapo.

Februari, wiki ya pili. Maji na udongo

Maji yamepimwa kabla ya mbolea, na tungeomba kila mmoja afanye hivyo. Maeneo mengi ya Dar es Salaam na pwani yana visima vyenye maji ya chumvi, na maji hayo ni mbolea mbaya inayoingia chunguni kila siku. Kipimo kidogo cha chumvi za maji, kile chenye umbo la kalamu, kinatosha. Husoma kwa milisiemensi, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Maji yaliyo chini ya milisiemensi 0.7 kwa sentimita ni salama. Kama kalamu yako huonyesha ppm (sehemu kwa milioni), nyingi huhesabu milisiemensi 1 kuwa ppm 500, kwa hiyo tafuta chini ya 350. Asiye na kalamu aangalie sufuria au birika: ukoko mzito wa haraka ni dalili ya maji magumu, na ladha ya chumvi mdomoni ni jibu tosha kwamba maji hayo hayafai kwa kalathea wala saintpaulia.

Suluhisho la bei nafuu ni mvua. Acha manyunyu ya kwanza yaoshe bati, kisha kinga. Maji ya mvua hata hivyo hayana kalsiamu wala magnesi, na 20-20-20 kwa kawaida haina kalsiamu. Tunachanganya nusu mvua, nusu bomba.

Udongo wa kitaluni umechunguzwa pia. Kiriba cheusi cha barabarani huwa na udongo mwekundu, mchanga na samadi. Ua lililonunuliwa hivi karibuni lina akiba ndani yake, kwa hiyo halipewi mbolea wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Anayelilisha siku ya kulileta nyumbani anaongeza chumvi juu ya samadi, kwenye mmea ambao bado unazoea mwanga mdogo.

Mimea miwili imehamishwa: kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi) sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja, mchanga mnene wa mtoni sehemu moja. Mchanga wa baharini usiguswe. Na kokopiti inahitaji onyo ambalo watu wa pwani watalielewa mara moja. Makumbi yanayofukiwa kwenye matope ya bahari ili yalainike kwa ajili ya usumba yana chumvi tele, na vumbi lake likiuzwa kama kokopiti lina chumvi hiyohiyo. Loweka kwenye ndoo ya maji baridi saa chache, kamua kwa kitambaa, mwaga, rudia. Pima maji unayokamua. Yakikaribia kipimo cha maji ya bomba uliyotumia, kokopiti imesafika. Mara tatu ndiyo huwa wastani wa kokopiti chafu.

Chungu kisicho na tundu hakiingii kwenye mradi huu. Vile vya kauri vya mapambo vinatumika kama ganda la nje tu: ua linakaa kwenye kopo la plastiki lenye matundu, linatolewa kulishwa, likiacha kudondosha linarudi.

Februari, wiki ya tatu. Maji mama na dozi

Gramu 0.5 ni vigumu kuipima hata kwa mizani nzuri, kwa hiyo tunatengeneza maji mama, yaani mchanganyiko mzito unaopunguzwa kila unapolisha. Utaratibu ni huu.

1. Pima gramu 10 za unga kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.1. Kijiko hakitoshi: kijiko cha chai cha unga mmoja kina gramu 4, cha unga mwingine 6.
2. Tia maji mililita 700 ya kawaida kwenye chupa ya lita moja isiyopitisha mwanga, ongeza unga, funga, tikisa mpaka usione chembe chini. Ukihisi chupa imepoa mkononi ni urea inayeyuka, ni kawaida.
3. Jazia maji hadi lita moja kamili.
4. Andika kwa kalamu isiyofutika: MBOLEA, namba za pakiti, tarehe. Kama chupa ni ya soda au maji ya kunywa, bandua karatasi yake yote na uweke chupa mbali na jokofu na watoto. Maji haya huwa na rangi ya buluu au kijani inayovutia, na mtoto hajui.

Maji mama haya yana gramu 10 kwa lita. Bomba la sindano la mililita 20 au 50 la duka la dawa, bila sindano yake, ndilo kipimo chetu. Mililita 50 za maji mama, ukijazia maji hadi lita moja, hukupa gramu 0.5 kwa lita, sawa na miligramu 100 za naitrojeni. Hiyo tunaiita dozi nusu, kwa sababu pakiti nyingi husema gramu 1 kwa lita. Mililita 25 hukupa dozi robo.

Usichanganye mbolea ya kalsiamu na maji mama haya, wala na chumvi ya Epsom (magnesi salfeti) iliyokolezwa. Kalsiamu ikikutana na fosfeti au salfeti kwenye maji mazito hugandamana, maji yanakuwa meupe kama tui, na hicho cheupe hakiyeyuki tena. Ukivihitaji vyote, toa kila kimoja wiki yake.

Mgao wa mwanzo ni kama ifuatavyo. Mani planti na klorofitamu: dozi nusu kila baada ya wiki mbili. Kalathea: dozi robo kila baada ya wiki mbili, kwa maji ya mvua yaliyochanganywa. Sansevieria na zamia: dozi robo mara moja kwa mwezi, na zikiwa mbali na dirisha, mara moja kwa miezi miwili. Mshubiri: dozi robo mara mbili au tatu kwa mwaka, basi.

Zamia na saintpaulia zinastahili maelezo zaidi, kwa kuwa zote mbili ni za kwetu. Zamia humea yenyewe kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, hadi Afrika Kusini, sehemu zenye kiangazi kirefu. Chini ya udongo ina viazi vinavyotunza maji na virutubisho, na ndiyo maana inaweza kukaa miezi bila kulishwa na jani lisipauke. Mbolea nyingi huozesha viazi hivyo kabla jani halijaonyesha lolote. Saintpaulia ni ya milima ya Usambara na misitu ya jirani. Dunia ya bustani iliifahamu baada ya ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kupeleka Ujerumani mimea aliyoikuta huko, na Hermann Wendland akaieleza kitaalamu mwaka 1893. Siku hizi wataalamu wa uainishaji wameiingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini wauzaji na wapenzi wake bado huiita saintpaulia. Kwao hukaa kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, juu ya tabaka jembamba la majani yaliyooza. Mizizi yake ni laini na mifupi, imezoea virutubisho vichache vinavyodondoka kila mara pamoja na maji. Tunaiiga hali hiyo: dozi robo kila inapomwagiliwa, na kila mmwagilio wa nne maji matupu. Huwekewa maji kwenye kisahani kwa dakika 20, kisha yaliyobaki humwagwa. Maji baridi yakigusa majani yake yenye manyoya huacha madoa ya kudumu.

Namna ya kulisha wengine wote: siku moja kabla, lowesha udongo kwa maji matupu ikiwa umekauka. Mzizi mkavu hunywa kwa pupa, na ukikutana na chumvi kwanza huungua. Siku ya mlo mimina polepole kuzunguka chungu chote mpaka sehemu ya kumi ya ulichomimina itoke chini. Baada ya dakika 20 mwaga kilicho kwenye kisahani. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayolinda mizizi zaidi, kwa sababu maji ya kisahani yakinywewa tena yanarudisha chumvi iliyokuwa imeshatoka.

Machi. Chungu cha ushahidi

Klorofitamu moja imetengwa kwa makusudi ionyeshe kuzidishiwa. Inapewa gramu 2 kwa lita kila wiki, na maji ya kisahani hayamwagwi. Tumechagua klorofitamu kwa sababu hutoa vichipukizi vingi na kupoteza mmoja si hasara; na ncha zake huongea mapema.

Dalili zimekuja kwa mpangilio ambao kila anayeanza aujue. Kwanza, ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu. Kisha ncha za majani zikawa kahawia, kavu, na mstari mwembamba wa njano ukitenganisha sehemu iliyokufa na iliyo hai. Baadaye majani ya chini yakalegea mchana ingawa udongo ulikuwa na unyevu. Mwisho, tulipolitoa ua chunguni, ncha za mizizi, ambazo kwa ua zima huwa nyeupe na nene, zilikuwa za rangi ya chai na laini.

Tahadhari: ncha za kahawia peke yake hazithibitishi mbolea. Klorofitamu huchukia pia boroni na floridi nyingi, na hewa kavu ya kiyoyozi huleta ncha zilezile. Ukoko pamoja na ncha, ndiyo jozi ya kutafuta.

Kipimo kimefanyika hivi, na mtu mwenye kalamu ya chumvi anaweza kukirudia nyumbani. Mwagilia hadi udongo ulowe wote. Subiri saa moja. Weka chungu juu ya kisahani kikavu, mimina mililita 75 hadi 100 za maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, kusanya mililita 50 zinazotoka, pima hizo. Kwa mimea isiyohitaji mbolea nyingi, kati ya milisiemensi 1.0 na 2.6 ni hali njema. Chini ya hapo ua lina njaa. Juu ya hapo acha mbolea, osha udongo. Ukimimina maji mengi zaidi, usomaji utashuka kwa sababu umeyazimua, na utadhani mambo ni mazuri.

Kuosha: kwangua ukoko, usizidi sentimita moja ya juu. Peleka chungu bafuni au nje. Chungu cha lita 1.5 kinahitaji angalau lita 3 za maji ya kawaida, kwa awamu, ukisubiri dakika tano hadi kumi kati ya awamu ili chumvi iliyoshikana ipate muda wa kuyeyuka. Acha kidondoke mpaka kiishe. Hakuna mbolea kwa mwezi mmoja. Ncha zilizokufa hazirudi kijani. Zikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, ukibakiza uzi wa kahawia ili usijeruhi sehemu hai. Kinachoonyesha kupona ni jani jipya la katikati: chungu cha ushahidi kimetoa majani safi baada ya kuoshwa, na yale ya zamani yamebaki na makovu. Vyungu vingine vyote tunaviosha kila baada ya miezi miwili au mitatu, ukoko uwepo au usiwepo.

Aprili. Masika, na dawa za jikoni

Mawingu yametanda, udongo unakauka polepole, kwa hiyo milo imepungua yenyewe: wiki mbili zimekuwa tatu au nne. Hapa kuna jambo la kusahihisha kwenye maelekezo mengi yanayosomwa mtandaoni. Yanasema "usilishe Oktoba hadi Februari". Hayo ni ya Ulaya na Marekani ya kaskazini, ambako Desemba London hupata mwanga chini ya saa nane kwa siku. Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na fupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja, na Oktoba hadi Februari ndiyo miezi ya joto, ua likikua kwa kasi. Anayefuata kalenda ile hapa kwetu hulinyima ua mbolea likiwa linakua, kisha hulilisha kwa bidii katikati ya masika na kipupwe. Fuata ua: likitoa jani jipya, lishe, likisimama, simama. Nairobi, Arusha au Mbeya, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kupunguza, kwa baridi yake. Msomaji aliye Stockholm au Toronto afuate kalenda ya huko.

Dawa za jikoni zimejadiliwa sana, kwa hiyo msimamo wetu uandikwe. Maji ya maganda ya ndizi: yana potasiamu kidogo, naitrojeni karibu hamna, na yakichacha huleta vijinzi, wale wadogo weusi wanaozaliana kwenye udongo wa chungu. Maji ya kuosha mchele: wanga hulisha ukungu na funza wa vijinzi hao kabla ya kulisha ua. Maganda ya mayai: ni kalsiamu kaboneti, haiyeyuki kwa maana yoyote ndani ya miezi michache isipokuwa yasagwe kuwa unga, na hata hapo hupandisha kiwango cha alkali. Majivu: potasiamu ipo kweli, lakini alkali yake ni kali, kwenye chungu kidogo hufungia madini ya chuma, na majani mapya hupauka. Mabaki ya chai ya maziwa yenye sukari: sisimizi. Tusiwe wakali kupita kiasi. Vitu hivi vyote ni vizuri, mahali pake ni kwenye lundo la mboji, vioze kwanza.

Samadi na mbolea ya kuku zinafaa zikiwa zimeiva tu, zisizo na harufu wala joto. Ya kuku mbichi hutoa amonia na ina chumvi nyingi. Mboji iliyoiva ndiyo pekee tunayoipendekeza bila masharti: tabaka la sentimita moja juu ya chungu mara mbili kwa mwaka, na siku hiyo ruka mlo wa maji mama.

Mei. Kusoma njaa kwenye jani

Mani planti moja haikulishwa tangu mwanzo ili ilinganishwe. Majani yake mapya ni madogo, na ya chini yamegeuka njano sawasawa, moja baada ya jingine. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, na sababu ya kuanzia chini ni kwamba mmea huihamisha naitrojeni kutoka jani zee kwenda changa. Magnesi na potasiamu pia huhamishika, kwa hiyo dalili zake huanza chini: magnesi, njano kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, potasiamu, kingo za jani zee kukauka. Chuma na kalsiamu havihamishiki, dalili huanza juu: chuma, jani jipya lililopauka lenye mishipa ya kijani, kalsiamu, jani jipya lililojikunja na kuharibika umbo.

Kabla ya kusema njaa, chomeka kidole udongoni. Maji mengi hutoa njano ileile ya chini, lakini udongo hunuka na jani huwa laini, linadondoka ukiligusa. Jani la njaa hubaki limeshika.

Chuma mara nyingi kipo udongoni lakini kimefungwa na alkali ya maji magumu. Kuongeza 20-20-20 hakusaidii. Badili maji kwanza. Ikibidi, tumia chuma cha kileti, yaani kilichoshikwa na kemikali inayokilinda kisifungwe, na ukisoma EDTA kwenye lebo ujue aina hiyo ya kileti haifanyi kazi vizuri pH (kipimo cha asidi na alkali) ikizidi 6.5, wakati aina ya EDDHA hustahimili. Kwa magnesi, chumvi ya Epsom ya duka la dawa, gramu 1 kwa lita, mara moja kwa mwezi, isizidi miezi miwili bila kuona badiliko.

Mani planti hii imeanza kulishwa kwa dozi robo, si nusu, ingawa ina njaa. Mizizi iliyokaa muda mrefu bila chumvi haiongezewi ghafla.

Juni. Vidonge vya polepole, na yanayofuata

Sansevieria mbili zimewekewa vidonge vyenye ganda, vinavyoachia mbolea kidogo kidogo. Ni rahisi kwa mtu anayesahau. Ila muda ulioandikwa, miezi mitano au sita, kwa kawaida hupimwa kwenye joto la nyuzi 21, na kasi hupanda kadiri joto linavyopanda. Kwenye fleti ya pwani isiyo na kiyoyozi hesabu viishe mapema zaidi, na tumia nusu ya kiasi cha lebo. Ukiweka vidonge, maji mama yasitumike kwenye chungu hicho. Ukihamisha ua, usivipasue. Kidonge kilichopasuka humwaga vyote kwa mara moja.

Ratiba ya kipupwe imebandikwa ukutani karibu na dumu. Mani planti na klorofitamu: dozi nusu kila wiki tatu, kwa zilizo dirishani tu. Kalathea: dozi robo kila wiki nne. Zamia: hakuna kitu hadi chipukizi jipya litokeze juu ya udongo. Saintpaulia inaendelea vilevile, kwani dirisha lake halijabadilika. Chungu cha ushahidi kinapimwa tena wiki ijayo kwa mililita 50 za maji yanayotoka. Kikisoma chini ya milisiemensi 2, kinarudi kwenye dozi robo. Septemba, kabla ya joto, vyungu vyote vinaoshwa kwa maji mara mbili ya ujazo wake, kisha wiki mbili bila mbolea.